Mita Nilizomficha Baba

Jumapili, 3 Juni

Daftari hili nimepewa na Baba asubuhi ya leo. Ni la jalada la kijani, ofisi ya maji ilimpa miaka mingi iliyopita, akaliweka sandukuni. "Mpimaji lazima awe na vitabu viwili," ameniambia. "Kimoja cha namba, kimoja cha hasira. Ukivichanganya, namba zinaharibika."

Nikamwambia mimi si mpimaji, mimi ni mkata maharagwe.

"Kuanzia leo wewe ni vyote viwili."

Basi niandike mambo yalivyo. Baba amepima kisima cha nyuma ya nyumba yetu kila Jumapili kwa miaka ishirini na saba. Si kisima cha kuteka. Ni bomba jembamba la chuma lililozamishwa ardhini, lina kifuniko na kufuli, na kazi yake ni moja tu, kuonyesha maji ya chini yako umbali gani. Ofisi ya maji ilimwajiri, ikamstaafisha, ikasahau hata kutuma mtu kuchukua ufunguo. Yeye akaendelea kupima. Mwezi uliopita presha ya macho ilimaliza kilichokuwa kimebaki. Sasa anaona mwanga na giza tu. Nikivaa nguo nyeupe, anasema, naonekana kama pazia linalotembea.

Leo gurudumu la kupimia nimelizungusha mimi. Utepe unashuka na timazi lake, ukigusa maji unalia piii, unasoma. Gurudumu lake limezeeka, linakwaruza, kila mzunguko mlio mmoja. Nikasema nitalitia mafuta. "Liache lilie," akasema.

Mita 31 na sentimita 40. Nimeandika kwenye kitabu kikubwa, chini ya mwandiko wake.

Jumatano, 6 Juni

Maharagwe. Maharagwe. Maharagwe.

Jumapili, 10 Juni

31.95. Sentimita hamsini na tano kwa wiki moja.

"Rudia," Baba akasema. Nikarudia. Ikawa ileile.

Alikwenda ndani akipapasa ukuta, akakaa kitandani, mikono magotini. Baadaye akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Miaka kumi na tisa iliyopita shamba la maharagwe mabichi ninakofanya kazi lilipotaka kuanza, ofisi ilimtuma yeye kupima. Akaandika maji yanatosha kwa visima vitatu, akatia sahihi.

"Na yalitosha," akasema. "Kwa vitatu. Leo wana kumi na moja. Lakini karatasi ya kwanza ni yangu, mama. Wao wanajengea juu ya karatasi yangu."

Chakula hakukigusa.

Jumatatu, 11 Juni

Zahanati. Presha mia na tisini kwa mia na kumi. Daktari amebadilisha dawa, kisha akanivuta pembeni: "Mzee asipewe mawazo." Utadhani mawazo mtu hupewa kwa kijiko.

Jumapili, 17 Juni

Utepe umesoma mita 32 na sentimita 70.

Baba alikuwa kwenye kigoda chake kando ya bomba, mikono juu ya fimbo, uso ameuelekeza nilipo. Mshipa wa shingo unapiga. Nilitazama utepe, nikamtazama yeye, mdomo ukatangulia.

"Thelathini na mbili kamili, Baba."

"Kamili?"

"Kamili."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi yamepunguza mwendo. Andika."

Nikaandika 32.00 kwa wino, chini ya miaka ishirini na saba ya mtu ambaye hajawahi kuandika asichokiona. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha. Amekula vizuri, ameomba redio, amecheka peke yake na mtangazaji.

Namba ya kweli naiweka humu. Nimemdanganya yeye, nisijidanganye na mimi.

Jumapili, 24 Juni

Kweli 33.30. Nimesema 32.05.

Alhamisi, 28 Juni

Mdogo wangu wa ng'ambo amepiga simu. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Taulo mia sita kwa siku, anasema. Mgeni akijifuta mkono mara moja, taulo linarudi kwenye mashine.

"Dada, jana nimeyaona maharagwe yenu dukani. Kwenye kijisanduku, yamelala mstari kama askari. Nikasema haya yamepita mikononi mwa dada yangu."

"Ukayanunua?"

"Sikuyanunua. Nikayasalimia."

Baba akadai simu. Alimuuliza swali moja tu, huko maji wanayapata umbali gani. "Mzee, kwa kweli sijui. Unafungua, yanatoka. Hapa hakuna anayeuliza."

Jumapili, 1 Julai

Kweli 33.85. Nimesema 32.15. Uongo nao una kanuni zake. Lazima ushuke kidogo kidogo, usije ukaonekana umesimama mahali pamoja kama mwizi aliyesikia mbwa.

Jumanne, 10 Julai

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye mtaa mzima tunamwita Dobi kwa sababu anafulia nusu ya nyumba zake, amenisimamisha njiani. Sijawahi kumpenda sana. Anajua habari za mtu kabla mwenyewe hajazijua.

"Pampu ya mtaa sasa inataka mikono arobaini ndiyo iteme tone," akasema. "Mwezi uliopita ilikuwa kumi. Baba yako anasemaje?"

Nikamwambia huenda ngozi za ndani ya pampu zimechakaa.

Akanitazama. Najua anachokijua na yeye anajua ninachokijua. Bomba la pampu yetu linaishia mita thelathini na sita. Baba ndiye aliyeufundisha mtaa namba hiyo.

Jumatano, 18 Julai

Kazini tumetembelewa na mgeni wa wanunuzi, mwanamke kijana, mpole, amevaa kofia ya nywele kama sisi. Msimamizi alituweka roho juu tangu alfajiri. Sakafu imepigwa maji mara tatu, meza mara nne. Msimamizi wetu ni mama mmoja mkavu. Sijawahi kuona meno yake.

Mgeni alisimama kwenye meza yangu. Nikamwonyesha: rula imechorwa kwenye chuma, sentimita kumi. Refu linakatwa. Fupi na lililopinda linaingia kreti nyekundu. Akauliza, Msimamizi akitafsiri, kreti nyekundu inakwenda wapi.

"Shimoni," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamwambia kanuni hiyo mliiandika nyinyi wanunuzi. Msimamizi sijui alitafsiri nini, maana mgeni alitabasamu akaandika. Kisha akasema, na hili Msimamizi alilitafsiri kwa sauti ndogo, kwamba kwao yeye mwenyewe hutupa nusu ya kijisanduku, anasahau kwenye friji. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayekiri.

Jioni nilizihesabu kreti nyekundu zinazotoka. Ishirini na sita. Najua kila haragwe limekunywa nini hadi kufika pale.

Jumapili, 22 Julai

Kweli 35.90. Nimesema 32.40.

Baba akauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akagonga paji la uso kwa kiganja, taratibu, mara tatu. Sikuelewa.

Alhamisi, 26 Julai

Pampu imekufa. Mikono sitini, themanini, mia. Imetoa sauti ya mtu anayekohoa kikavu, basi. Watu wamesimama na ndoo zao wakiitazama kama mgonjwa. Dobi alikuwa na mashuka ya watu yameloweshwa sabuni nyumbani, hana cha kuyasuuzia. Alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, akajishika mashavu. Mwanamke huyu nimemjua miaka mingi, leo ndiyo mara ya kwanza kumwona hana la kusema.

Nyumbani Baba kauliza kelele za nini.

"Pampu imeharibika. Wamemwita fundi."

Jumatatu, 6 Agosti

Shamba limetufungulia bomba moja getini, kwa saa mbili kila asubuhi. Watu wanashukuru. Na mimi nimeshukuru, nimejaza madumu mawili. Kisha nikaingia kazini kwa geti lilelile na kupiga sakafu maji mara tatu.

Ijumaa, 10 Agosti

"Fundi bado?" Baba.

"Bado."

Jumapili, 12 Agosti

Kweli 38.10. Nimesema 32.70.

Jumanne, 14 Agosti

Dobi alikuja kumsalimia Baba, nikamwahi mlangoni nikamwomba asimwambie habari za maji. Nikamweleza presha, daktari, kila kitu. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo sikulitarajia.

"Mwenzangu," akasema, "mzee si yai."

"Wewe hukumwona siku ile."

"Sikumwona. Nitanyamaza kwa ajili yako. Lakini mficha uchi hazai."

Akaingia, akakaa na Baba saa nzima wakicheka mambo ya zamani. Alipotoka aliniachia dumu lake moja la maji mlangoni, yeye mwenye biashara ya kufua iliyosimama. Aliondoka bila kuliangalia.

Jumapili, 26 Agosti

Kweli 39.80. Nimesema 32.90.

Baba amebadilika. Ananiuliza leo siku gani, kisha anajijibu mwenyewe kwa sauti kama anayejitahini. Nilimkuta anahesabu vidole. Jana alinionyesha zilipo karatasi za nyumba na nguo ambayo angependa azikwe nayo. Nikamwambia aache. Akanishika mkono: "Nakuambia nikiwa bado najua ninachosema."

Dawa amekunywa. Presha ni nzuri kuliko mwezi wa sita. Sasa nini?

Ijumaa, 7 Septemba

Leo amekuja afisa kutoka ofisi ya maji, binti mdogo kwangu, viatu vimejaa vumbi, mkoba umejaa makaratasi. Shamba limeomba kuchimba visima vitatu vipya. Sheria inataka kumbukumbu za kina cha maji, na ofisi haina. Waliacha kupima miaka tisa iliyopita.

"Nimeambiwa kuna mzee," akasema.

Baba alisimama. Sijamwona akisimama hivyo tangu macho yaondoke. Akaniagiza nilete kitabu kikubwa, akakibeba mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Binti alifungua ukurasa baada ya ukurasa, akamwita Baba mwalimu. Kisha akafika kwenye mwandiko wangu. "Msimu huu maji yameshuka kidogo tu," akasema. Nikaona amekunja uso. Mtu aliyetembea mtaani kwetu akaiona pampu lazima akunje uso. Akapiga picha kurasa zote. Kikao cha wazi ni Jumanne ya tarehe ishirini na tano, ukumbi wa shule, na Baba ameombwa aje asimamie kitabu chake.

"Nitakuja," Baba akasema. "Kila namba iliyo humo ni ya kweli."

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Alhamisi, 13 Septemba

Wakili wa shamba naye amekiona kitabu. Kazini wanasema amefurahi sana.

Jumapili, 16 Septemba

Kweli 42.10. Nimesema 33.10. Nilikuwa nimeazimia kumwambia. Nilifungua mdomo, akasema, "Mama, nikianza kupotea, usinipeleke kwa watu, nikae hapahapa." Nikafunga mdomo.

Jumapili, 23 Septemba

Naandika mchana, Baba amelala. Macho yangu yamevimba lakini nataka kuandika yote.

Asubuhi tulikwenda bombani kama kawaida. Nikashusha utepe. Ukalia. Mita 42 na sentimita 90. Baba akangoja. Nikasikia Dobi upande wa pili wa ukuta akikung'uta beseni tupu.

"Ngapi?"

"Baba, ni arobaini na mbili na tisini."

Akaibana fimbo kwa mikono yote miwili.

"Si ya wiki hii peke yake. Nimekudanganya tangu mwezi wa sita. Wiki kumi na nne. Pampu haikuharibika, maji yamepita chini yake. Hakuna fundi aliyeitwa. Niliogopa presha. Niliogopa utajilaumu ufe. Baba, nisamehe."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi, utepe mkononi. Nikatazama mshipa wa shingo. Kisha nikaona anatabasamu na machozi yanamtoka kwa pamoja, nikaogopa zaidi.

"Themanini na sita," akasema.

"Nini?"

"Gurudumu limelia mara themanini na sita. Mzunguko mmoja ni nusu mita. Nimelihesabu gurudumu hili miaka ishirini na saba, mwanangu. Mwezi wa sita nilihesabu sitini na sita, wewe ukasema thelathini na mbili kamili. Nikasema nimekosea. Wiki iliyofuata nikakosea tena. Kila Jumapili ninakosea zaidi. Nikasema basi, macho yamekwenda, sasa akili nayo inakwenda. Nikaanza kujiandaa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza mimi.

"Nikuulize nini? Kukushuku wewe hakukunijia. Ilikuwa rahisi kushuku kichwa changu."

Hapo nililia kama sijalia tangu mama afariki. Nilidhani nimembeba, kumbe nilimwacha peke yake gizani, anahesabu, anadhani anaoza. Akanipapasa kichwa mpaka nilipotulia. Kisha sauti ikabadilika, akawa yule wa ofisi ya maji.

"Namba za kweli unazo?"

"Zote. Kwenye daftari ulilonipa."

"Lete kalamu. Usichane ukurasa hata mmoja. Kila namba ya uongo ipige mstari mmoja, isomeke. Andika ya kweli pembeni, utie sahihi yako. Kosa halifutwi, linasahihishwa."

Tulikaa hadi saa sita. Nilimsomea wiki moja moja, na kila nikisoma ya kweli yeye anataja mizunguko aliyohesabu. Sitini na saba. Sabini na mbili. Themanini. Hakukosea hata mara moja.

Tulipomaliza akasema kuhusu maji, si kuhusu mimi: "Mita kumi na moja kwa msimu mmoja. Ee Mungu." Nilimpima presha. Ilikuwa juu kidogo. Kidogo tu.

Jumanne, 25 Septemba

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele walikaa afisa na wenzake wawili. Upande mmoja meneja wa shamba na wakili wake, upande mwingine sisi. Msimamizi wangu wa kazini alikaa nyuma ya meneja, mkavu kama siku zote.

Wakili alisoma namba zangu za uongo kwa sauti nzuri sana. Alimsifu Baba. Akasema shamba linaajiri watu mia nne, na watu huko mbali wanasubiri chakula.

Nikanyoosha mkono. Nikasema namba alizosoma niliziandika mimi na si za kweli, nikaeleza kwa nini, nikaweka kitabu kilichosahihishwa na daftari hili mezani. Watu walinung'unika. Wakili hakupandisha hata sauti.

"Kwa hiyo ulidanganya wiki kumi na nne."

"Ndiyo."

"Na leo unataka tukuamini."

Baba ndiye aliyesimama, akishikilia bega langu. "Usimwamini," akasema. "Wala mimi usiniamini, mimi kipofu. Kisima kiko hatua mia tatu kutoka hapa. Twendeni tukakiulize."

Ukumbi wote ulitoka. Watu walijaa uani kwetu, wengine juu ya ukuta wa Dobi, naye anawatukana wasimvunjie. Baba alizungusha mwenyewe. Gurudumu likalia, likalia, na nikaona midomo ya watu imeanza kuhesabu pamoja naye. Piii. Afisa akapiga magoti, akasoma, akamwita wakili naye asome. Mita 43 na sentimita 5.

Wakili akasema kisima kimoja cha zamani si ushahidi wa eneo zima, labda kimeziba. Ndipo nikasikia sauti ambayo kila siku hunikemea kuhusu rula.

"Hakijaziba," Msimamizi akasema. "Visima vyetu viwili vinavuta hewa tangu Agosti. Wapiga pampu wamenionyesha. Meneja pia anajua." Akageuka kwa meneja. "Samahani, bosi. Mama yangu anachota getini kama hawa."

Meneja, sitamsingizia, hakukataa. Aliinamisha kichwa.

Afisa ameomba kukaa na daftari hili kidogo. Alisoma kurasa za Jumapili tu, akazinakili, akalirudisha. "Mengine sikuyasoma," akasema. Nilimwona anakwepa macho yangu, najua alisoma.

Jumanne, 9 Oktoba

Barua imefika. Visima vipya vimekataliwa. Vya zamani vivutwe maji siku nne tu kwa wiki hadi kina kirudi juu ya mita thelathini na sita. Mtaani watu wamepiga vigelegele.

Ijumaa, 12 Oktoba

Shamba limepunguza watu sitini na wawili. Msimamizi alisoma majina amesimama juu ya kreti. Alipofika kwenye langu sauti ilikatika, akalisoma upya. Baadaye alinifuata hadi getini, akanipa kofia yangu ya nywele, imefuliwa, imekunjwa, kana kwamba nitaihitaji mahali.

Mwenzangu wa meza, tuliyekaa naye miaka sita, amenipita bila salamu. Naye jina lake limesomwa. Ana watoto wanne.

Jumamosi, 13 Oktoba

Dobi ameniletea mzigo wa mashati ya kupiga pasi. "Mimi mkono unauma," akasema. Mkono hauumi. Nilimwona asubuhi anabeba madumu mawili.

Jumapili, 21 Oktoba

44.00. Bado yanashuka, ila polepole. Nimemwambia Baba papo hapo, neno kwa neno. Mtaa umeamua namba iandikwe kwa chaki ukutani karibu na pampu, kila wiki, kila mtu aione. Nimeiandika mimi. Mwenzangu wa meza alikuwa amesimama hapo na ndoo. Aliitazama muda mrefu. "Ni ya kweli hii?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akaitika kwa kichwa. Tangu tarehe kumi na mbili hilo ndilo neno letu la kwanza.

Ijumaa, 26 Oktoba

Mdogo wangu amepiga simu. Alikwenda dukani kuyatafuta maharagwe yetu. Kijisanduku kilekile, bei ileile, yamelala mstari uleule. Ila wameandika nchi nyingine.

"Rafu haikukaa tupu hata siku moja, Dada. Ningekuwa sina ndugu huko nisingejua kama kuna kitu kimetokea."

Niliweka simu kwenye spika ili Baba asikie. Akakaa akiichezea fimbo.

"Huko yanakotoka sasa," akauliza, "kuna mtu anayepima?"

"Sijui, Mzee. Kwenye kijisanduku hawaandiki."

"Waandike," Baba akasema, kwa ukali, kama vile mwanawe ndiye mwenye duka. "Waandike: kilo moja, maji kiasi gani, kisima kimeshuka mita ngapi. Mbona uzito wanaandika?"

Mdogo wangu alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kazini ameanza kuyatazama yale mataulo vibaya. Jana alirudisha moja vyumbani bila kulifua, maana lilikuwa halijaguswa, akaitwa ofisini.

"Wakakufanya nini?"

"Wamenionya. Nitarudisha jingine kesho."

Siku nzima Baba alikuwa akisimulia kila aliyepita habari za mwanawe na taulo.

Alhamisi, 1 Novemba

Mvua! Imechelewa wiki tatu, lakini imekuja.

Jumapili, 4 Novemba

44.08. Watu wanashangaa mvua inanyesha na namba haipandi. Baba ameeleza kwa kila mmoja aliyeuliza: ya juu inachukua miezi kufika chini, mengine miaka. Kuyavuta ni haraka, kuyarudisha ni taratibu.

Jumapili, 11 Novemba

Manyunyu tangu alfajiri. Nimeshusha utepe, nimesoma, nimefuta kwa gauni, nimesoma tena.

"Ngapi?"

"Arobaini na nne na sentimita nane."

"Ya wiki iliyopita nilikuuliza?"

"Hii ni ya leo, Baba. Ni ileile. Hayakushuka."

Dobi akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta, maana hakuna siri katika mtaa huu: "Yamepanda?"

"Hapana. Yamesimama."

"Haya, kusimama nako ni kazi!"

Nikaandika, nikafunga kufuli, nikamwambia Baba twende ndani atapata homa. Hakuinuka. Alikuwa ameelekeza uso juu, matone yanamdondokea kwenye kope, na hakuyafuta.

"Haya maji yanakwenda wapi sasa hivi?" akauliza, yeye aliyenifundisha.

"Yanakwenda chini, Baba."

"Haraka?"

"Polepole mno. Labda mwaka ujao yatakuwa yamefika."

"Basi tuyasindikize kidogo."

Nikaleta mwavuli na kigoda cha pili. Tukakaa pale bega kwa bega mpaka Dobi alipochungulia juu ya ukuta na kutugombeza kwamba watu wazima wawili wananyeshewa kama mbuzi na nyumba wanayo.